Bustani ya Nyumbani Isiyoumiza Mazingira: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Vifaa na Mimea Pwani

Mtaani kwetu, nje kidogo ya Dar es Salaam upande wa Chanika, sauti ya kwanza baada ya adhana ya alfajiri ni mifagio ya chelewa. Kila uwanja unafagiliwa mpaka mchanga unabaki na michirizi. Majani ya mwembe, majani ya mkorosho, makuti yaliyoanguka usiku, vyote vinasukumwa kona moja na kutiwa kiberiti. Kufikia saa moja mtaa mzima unafuka moshi. Saa nne lori linaingia kumshushia jirani yuleyule udongo mweusi wa bustani, ambao ameulipia pesa nzuri.

Nami nilifanya hivyo kwa miaka mitatu. Nilichoma chakula cha udongo wangu asubuhi, jioni nikaenda kununua kingine. Nimeanza na jambo hili kwa sababu watu wengi wakitaka bustani rafiki wa mazingira huanza na kununua, na pwani yetu sehemu kubwa ya unachohitaji tayari kiko uwanjani kwako au kwa fundi seremala wa jirani. Kwa kile kitakachobaki cha kununua, nina maswali mawili ninayomuuliza muuzaji kila mara: kimetolewa wapi, na kikichakaa kitaishia wapi? Akishindwa kujibu la kwanza, nami nikashindwa kujibu la pili, sikichukui.

Nimeandika kwa mwenye kiwanja cha kawaida cha pwani: mita 20 kwa 20 hivi, nyumba katikati, mchanga mwingi, maji ya kuhesabu ndoo. Aliye Arusha, Iringa au Nairobi atabadilisha majina ya mimea, lakini utaratibu utamfaa.

Hatua ya 1: Kisome kiwanja kabla hujanunua hata mche mmoja

Chukua karatasi uchore nyumba, geti, kisima au bomba, shimo la maji taka na kila mti uliopo. Kisha zunguka mara tatu kwa siku: saa mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi jioni. Kila mara tia alama panapopigwa na jua na palipo na kivuli. Siku ya mvua toka na mwavuli uone maji yanapita wapi na yanatuama wapi. Mchoro huo utakuokoa na makosa mengi, kwa sababu mche mwingi unaokufa Dar huwa umepandwa mahali pasipo pake, halafu mwenyewe anadhani ni ugonjwa.

Pima na udongo. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, ulijaze maji, yakikauka ulijaze tena. Kama mara ya pili yanatoweka ndani ya dakika chache, una udongo wa kichanga: utahitaji mboji nyingi na matandazo. Kama yamekaa zaidi ya nusu siku, una mfinyanzi, au kuna tabaka gumu chini, na hapo mimea inayochukia miguu yenye maji, kama mpapai, ipandwe juu ya tuta.

Kama unatumia maji ya kisima, yaonje. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na maji ya chumvi huua miche polepole: kingo za majani zinaungua na kuwa kahawia kana kwamba zimepitiwa na moto. Ni bora kulijua hilo leo kuliko baada ya kupanda.

Hatua ya 2: Udongo utengeneze mwenyewe

Udongo mweusi unaouzwa kwa lori haujatoka hewani. Umekwanguliwa mahali fulani, mara nyingi bondeni au kwenye shamba la mtu, na pale ulipotoka limebaki jeraha ambalo mvua ya masika italipanua. Mimi niliununua lori moja mwaka wa kwanza. Nilipata udongo, na ndani yake nikapata ndago. Asiyeijua ndago nimwambie tu kwamba ukiing'oa inaacha vitunguu vyake chini, na kila kitunguu kinatoa mche mpya. Hadi leo kuna kona ya uwanja wangu ambayo sijaikomboa.

Mboji inahitaji vitu vya aina mbili. Vikavu ni majani yaliyoanguka, makuti yaliyokatwakatwa, maranda, maganda ya mpunga, katoni zisizo na rangi ya kung'aa. Vibichi ni maganda ya ndizi na mboga, majani mabichi, mabaki ya chai, samadi ya kuku au ng'ombe. Changanya mapipa matatu ya vikavu kwa pipa moja la vibichi. Rundo liwe na upana, urefu na kimo cha mita 1 au zaidi, maana rundo dogo halipati joto. Liwe chini ya kivuli na lifunikwe kwa makuti au gunia ili mvua isilioshe wala jua lisilikaushe.

Kila baada ya wiki mbili ligeuze kwa koleo, la nje liingie ndani. Kamua konzi moja mkononi: ikitoa tone moja au mawili, unyevu unatosha, ikitiririka, ongeza vikavu, ikiwa vumbi, nyunyiza maji. Rundo linalonuka vibaya limezidiwa na vibichi au limekosa hewa. Nyama, samaki na mafuta ya kupikia usitie, utaita panya. Kwa joto la pwani, miezi miwili hadi mitatu inatosha. Mboji iliyoiva ni nyeusi, inanukia kama ardhi baada ya mvua, na huwezi kutambua tena ganda la ndizi lilikuwa lipi.

Maranda yanapatikana kwa wingi kwa mafundi wa samani, na Keko au Buguruni wengi wanafurahi ukiwaondolea. Muulize fundi kama mbao zilikuwa zimetiwa dawa. Akisema ndiyo, au akisita, mshukuru uende kwingine.

Makumbi ya nazi yanahitaji maelezo yake. Usumba, yaani nyuzi za makumbi hayo, unashika maji vizuri sana, na ndio mbadala wetu wa udongo wa vitalu unaoagizwa kutoka nje ukiwa ndani ya mifuko ya plastiki. Lakini makumbi mabichi yana chumvi. Yachambue, uyaloweke siku mbili, umwage maji, urudie mara mbili au tatu, kisha yaanike. Kwa miche ya mboga mimi huchanganya sehemu mbili za usumba, mbili za mboji na moja ya mchanga.

Majani mengine usiyapeleke kwenye mboji. Yaache chini ya miti yawe matandazo ya unene wa sentimita 7 hadi 10, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina lisioze. Bibi wa jirani aliniambia uwanja wenye majani ni uwanja wa mvivu na wa nyoka. Nilimsikiliza, kwa sababu la nyoka ni la kweli. Ndiyo maana kuzunguka nyumba naacha ukanda wa mita 2 uliofagiliwa, wazi kabisa, na matandazo yanaanzia baada ya hapo. Tumekubaliana naye hivyo, na sasa majani yake ananiletea mimi.

Hatua ya 3: Vifaa vya njia, kingo, uzio na vyungu

Tuanze na sakafu, kwa kuwa ndiyo inayobadilisha kiwanja kuliko kitu kingine. Mtindo wa mjini sasa ni kumwaga zege au kutandaza pevingi uwanja mzima mpaka ukutani. Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa kwa joto linalozidi nyuzi 1,400, na mbali na moshi wa makaa ya mawe au gesi ya kuchomea, jiwe lenyewe likiungua linatoa hewa ya ukaa. Halafu uwanja wa zege unakuwa kikaango mchana, na mvua ikinyesha maji yote yanakimbilia kwa jirani wa chini. Weka pevingi panapopita gari tu, mistari miwili ya matairi inatosha. Kwa njia za miguu tumia kokoto, au vifusi vya nyumba iliyobomolewa: vipande vya matofali na vigae vikishindiliwa na kujazwa mchanga kati yake vinaacha maji yapenye. Vifusi mara nyingi hupewi bei, unaambiwa tu uje na toroli.

Mchanga wenyewe uulizie. Mchanga wa pwani ya bahari una chumvi, na kuuchota kunaacha ufukwe bila kinga. Wa mtoni unaochimbwa hovyo unabomoa kingo za mto na kuangusha nyumba za watu. Nunua kwa mwenye machimbo yenye kibali, na nunua kidogo. Bustani haihitaji mchanga mwingi, hasa huku kwetu ambako ndio tumekalia.

Matofali ya kuchoma yanapendeza kama kingo za matuta, ila tanuru lake linakula kuni, na kuni hizo zimetoka kwenye msitu wa mtu. Ukipata yaliyotumika, chukua bila wasiwasi. Mawe ya matumbawe ya zamani yaliyochimbwa nchi kavu yanafaa pia. Matumbawe ya baharini usiyaguse, wala usinunue chokaa ya kupaka miti na kingo iliyochomwa kutokana nayo. Ndiyo nyumba ya samaki unayemnunua soko la Feri.

Kwenye mbao kuna hatari mbili ambazo watu hawaambiwi. Ya kwanza ni mbao za dawa zenye rangi ya kijani. Dawa iliyozoeleka ina shaba, kromiamu na aseniki. Zinafaa kwenye paa. Kwenye kingo za tuta la mchicha hazifai, na mabaki yake usiyachome jikoni hata siku moja. Ya pili ni oili chafu. Gereji zinaiuza au kuitoa bure, na karibu kila fundi wa uzio ataipaka nguzo kuzuia mchwa. Oili hiyo ina mabaki ya metali ya injini, inashuka na mvua, na udongo uliolowa oili hautoi kitu kwa muda mrefu. Badala yake, unguza mguu wa nguzo juu ya moto mpaka uwe mweusi kwa unene wa milimita chache, kisha uuweke juu ya kokoto ndani ya shimo, usigusane na udongo tifutifu. Haidumu kama ya oili. Baada ya miaka michache utabadilisha nguzo, na ile ya zamani itaingia kwenye mboji.

Boriti za mikoko ziache. Mikoko yote ya Tanzania Bara ni misitu ya hifadhi kisheria na kuikata kunahitaji kibali. Ndiyo inayoshika ufukwe usimegwe na ndiyo wanamokulia kamba na samaki wadogo. Kwa nguzo na vichanja tumia mianzi, au mirunda ya mkaratusi na mbao za msonobari wa mashamba ya kupandwa, kama ya Sao Hill kule Mufindi. Mianzi iliyokomaa, yenye miaka mitatu au zaidi, hailiwi na wadudu upesi kama michanga. Iloweke kwenye maji kwa majuma kadhaa kuondoa utamu unaowavuta wadudu, halafu ikaushe kivulini ikiwa imesimama.

Makuti ni zawadi ya pwani. Kivuli cha kitalu, uzio wa muda, kifuniko cha mboji, yote anayaweza, na akichoka anarudi ardhini. Angalizo ni moto: banda la makuti liwe mbali na jiko.

Sasa vyungu. Chungu cha mfinyanzi kutoka kwa mama anayefinyanga kinapumua na kikivunjika ni kokoto. Ndoo zilizopasuka na madumu yaliyokatwa yanafaa pia, kwa kuwa yalikwisha nunuliwa. Toboa matundu chini. Usitumie dumu lililobeba kemikali. Viroba vya kupandia mboga vinasifiwa sana, nami nina viwili, lakini jua letu linavila: ndani ya mwaka mmoja au miwili vinaanza kumeguka nyuzinyuzi, na hizo nyuzi ni plastiki iliyoingia udongoni. Viweke kivulini au uvitupe kabla havijafika huko. Gunia la katani linaoza kwa heshima.

Matairi nayatumia kwa maua tu. Mpira wa tairi unachuja zinki na mafuta kidogokidogo, na juani unachemsha mizizi. Kubwa zaidi, tairi linatega maji kwenye kikunjo chake cha ndani, na mbu anayeeneza dengi hupenda hapo hapo. Dar imepitia milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Kila tairi litobolewe chini na kujazwa udongo hadi ndani ya kikunjo. Vifuu navyo vilalie kifudifudi.

Viriba vya miche, ile mifuko ya plastiki ya kuoteshea, havikuguswa na katazo la mifuko ya plastiki la tarehe 1 Juni 2019, kwa sababu vifungashio vya kilimo viliachwa. Hivyo jukumu limebaki kwetu. Ukipanda, usikichane kiriba na kukiacha shimoni. Kikate kwa uangalifu upande mmoja, kioshe, kirudishe kitaluni; wenye vitalu wengi wanavipokea. Kwa miche yako mwenyewe, ganda la mgomba lililoviringishwa na kufungwa kwa kamba ya mgomba linakaa majuma sita bila shida, na unalipanda lilivyo.

Hatua ya 4: Maji

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita za mraba 80 likipata mvua ya milimita 10, jioni moja ya kawaida ya masika, linatoa karibu lita 800. Weka mfereji wa paa na tangi lenye kifuniko na wavu kwenye mdomo, na mvua ya dakika za mwanzo iache ioshe paa kwanza.

Maji ya kufulia yasiyo na jiki yanafaa kwa migomba na miti, kwa zamu, siyo kila siku mti uleule. Mboga za majani usizimwagilie hayo.

Hatua ya 5: Mimea

Kuna kisa kimoja ninachokikumbuka kila nikisimama kitaluni. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani, Usambara Mashariki, na kwa miaka mingi ilijaribiwa pale mimea kutoka pande zote za dunia. Mmoja wa miti iliyoletwa ni msizi. Msizi si mgeni kutoka ng'ambo. Kwao ni Uganda na Kagera. Lakini katika msitu wa Usambara ulikuta uwazi, ndege wa hondohondo wakala matunda yake na kuzisambaza mbegu, na leo umejaa sehemu nyingi za msitu ambao una mimea isiyopatikana kwingine popote. Kwa hiyo ukisikia mche unaitwa "wa asili", uliza: asili ya wapi? Wa asili ya Bukoba si lazima uwe wa asili ya Kisarawe.

Ukitaka kujua pwani ya Dar ilivaa nini kabla yetu, tenga siku moja uende msitu wa Pugu au Kazimzumbwi. Ni vipande vilivyobaki vya msitu wa pwani, na kwa macho yako utaona mimea inayostawi bila mtu kubeba ndoo. Uiangalie tu, usiing'oe.

Mimi nagawa mimea mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni wenyeji, na ndio ninaowapa nafasi kubwa. Mkilua uko juu kabisa. Ni mti mdogo wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, unapenda kivuli, na maua yake yananing'inia na kunukia kiasi kwamba bibi zetu waliyatia kwenye vikuba na nywele. Wataalamu walipoupa jina la Kilatini walichukua Kiswahili chetu kama kilivyo: *Mkilua fragrans*. Jina letu limeingia vitabu vya dunia, halafu kitaluni tunapita mbele yake kununua kitu kutoka Brazili! Uupande upande wa mashariki wa nyumba, chini ya mwembe au mti mwingine, na uwe na subira, hukua polepole.

Mbungo, mtambazi wenye maua meupe na matunda ya juisi, unafaa kufunika kichanja imara. Panda mbegu mbichi iliyotoka tu kwenye tunda. Mchongoma ni uzio na tunda kwa pamoja. Jina hilo hata hivyo linatumika kwa mimea tofauti sehemu tofauti, kwa hiyo uliza ule wenye Kilatini cha *Flacourtia indica*. Minyaa inaota hata ukisahau kuimwagilia, ila utomvu wake unaweza kudhuru macho vibaya. Kama una watoto, iache. Mkwaju ni mwenyeji wa kuheshimiwa na unahitaji mita 8 au zaidi kutoka ukutani, hivyo kwa kiwanja kidogo mpe mwenye nafasi. Kwa kufunika ardhi, nyasi ya Pemba yenye majani mapana ni ya pwani yetu, inavumilia kivuli na chumvi, na haiombi maji kama nyasi nyembamba za viwanja vya hoteli. Panda vipandikizi kila sentimita 20. Kama uko karibu kabisa na bahari, mlakasa unashika mchanga kuliko ukuta wowote.

Mishubiri ipo ya aina nyingi Afrika Mashariki, na kwa kichanga ni mizuri mno. Nunua iliyooteshwa kitaluni. Biashara ya kimataifa ya mishubiri inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kulinda viumbe vya porini, isipokuwa *Aloe vera*. Udhibiti huo umewekwa kwa sababu watu waling'oa mishubiri porini bila huruma.

Fungu la pili ni wageni wenye adabu: wamekuja, wamekaa, hawavuki ua. Mwasumini, mlangilangi, mchaichai, bogenvilia, mgomba, mpapai. Simfukuzi hata mmoja. Nyumba ya pwani bila asumini ina upungufu.

Fungu la tatu ni wageni wanaotawala. Lantana ina maua ya kuvutia, ndege wanapenda matunda yake, na ndiyo maana vichaka vya pwani vimejaa lantana. Gugu maji ni pambo la kidimbwi lililotoka Amerika ya Kusini. Waulizeni wavuvi wa Ziwa Viktoria. Mlusina unasifiwa kwa malisho lakini unamwaga mbegu bila kikomo. Na hapa nitawaudhi wengi: mwarobaini. Ni dawa, ni kivuli, hauogopi ukame. Lakini asili yake ni bara Hindi, na pwani ndege wanausambaza hadi ndani ya vichaka vya asili, ambako unasonga miche mingine. Kama tayari unao, utumie na ung'oe vichipukizi vinavyoota chini yake. Kupanda mwingine hakuna haja. Mtaa mmoja una mwarobaini wa kutosha watu wote.

Kwenye mboga mambo ni mepesi. Kunde, mgagani, mnavu, mlenda na nyanya chungu ni mboga za Afrika. Zimezoea wadudu na jua la hapa, na hazihitaji dawa kama kabichi. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kilichoko Tengeru, Arusha, kimefanya kazi kubwa juu ya mboga hizi za asili. Matembele na kisamvu waliofika zamani kutoka Amerika wamekuwa ndugu. Kunde zina faida ya ziada: mizizi yake inaacha naitrojeni, kwa hiyo zitangulize mahali utakapopanda mchicha.

Hatua ya 6: Kitaluni

Nenda asubuhi, kabla jua halijaficha dalili za kunyauka. Geuza kiriba uangalie chini. Mizizi minene iliyotoka na kuingia ardhini maana yake mche umekaa muda mrefu, na ukiung'oa umeumia. Usivutiwe na mrefu kuliko wote. Chagua wenye shina nene na majani safi pande zote mbili. Kagua udongo wa kiriba kama una ndago. Mimi nishajifunza.

Mwenye kitalu muulize aliotesha mwenyewe au aliletewa, na mbegu ilitoka kwa mti gani. Kwa miti ya asili, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) unauza mbegu na miche. Mbegu za mboga zenye rangi ya waridi au buluu zimetiwa dawa ya ukungu, usizishike kwa mkono mtupu. Ukitaka kuhifadhi mbegu zako mwaka hadi mwaka epuka chotara, kwa kuwa kizazi cha pili hakitafanana na mama yake. Mchicha mmoja ulioachwa ukakomaa utakupa mbegu za mtaa.

Hatua ya 7: Kupanda na kiangazi cha kwanza

Miti ipandwe masika yanapoanza kushika, mwezi Machi au Aprili, ili ipate miezi ya mvua kabla ya kiangazi. Vuli ya Oktoba hadi Desemba inafaa kwa mboga na maua, lakini siku hizi si ya kuaminika kwa miti. Shimo liwe sentimita 60 kila upande. Udongo wa juu uweke pembeni kushoto, wa chini kulia. Rudisha wa juu kwanza ukiwa umechanganywa na ndoo mbili za mboji. Shingo ya mche ilingane na uso wa ardhi, isizikwe. Mwagilia lita 10 palepale hata kama wingu limetanda.

Wadudu wa kwanza watakuwa vidukari. Kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita 1 ya maji, nyunyiza jioni chini ya majani. Wakizidi, twanga kilo 1 ya majani ya mwarobaini wa jirani, loweka kwenye lita 5 usiku kucha, chuja, nyunyiza. Usinyunyize wakati nyuki wanatembelea maua. Na usimwinde kila mdudu. Ndege chozi na kinyonga wanahitaji kula.

Kuanzia Juni mvua zinapokoma, kila mche wa mti uupe mtungi. Ni chungu kidogo cha mfinyanzi ambacho hakijapakwa rangi, kinazikwa sentimita 30 kutoka shinani, mdomo tu ukibaki juu. Kijaze maji, kifunike kwa kigae asiingie mbu. Maji yanachuja polepole kwenye kuta zake na mizizi inayafuata. Mtungi wa lita 5 kwenye kichanga changu unakauka kwa siku tatu hadi nne, kwa hiyo naujaza mara mbili kwa juma, basi. Mvua za mwaka wa pili zikianza, mche ukiwa umetoa majani mapya bila msaada, fukua mtungi taratibu usikate mizizi iliyoukumbatia, uusugue kwa brashi kavu, na uuzike kando ya mche unaofuata.